Je, viti vya Waislamu katika siasa za Magharibi ni pambo?

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Tangu Zohran Mamdani ashinde umeya wa New York, barazani kwetu mjadala hauishi. Wapo wanaosema Waislamu sasa wameshika nafasi kubwa Magharibi: London meya ni Sadiq Khan, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza ni Shabana Mahmood, Marekani yuko Ilhan Omar. Wapo wanaouliza: kama ni hivyo, mbona Gaza iliteketea miaka miwili na wao wapo? Mjomba wangu anaishi Leicester. Amekata tamaa, anasema hapigi kura tena, viti hivyo ni pambo tu. Je, ana haki ya kusema hivyo?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Uchungu wa mjomba wako naujua na siudharau. Lakini amekosea mahali pamoja, na ajabu ni kwamba anaishi katika mji ulioonyesha kosa hilo waziwazi. Nitafika Leicester. Kwanza tutenganishe mambo ambayo baraza lenu limeyachanganya.

Kiti cha siasa kipime kwa maswali mawili: kisheria kinaamua nini, na aliyekikalia anaweza kuondolewa na nani. Dini ya mwenye kiti inakuja baada ya hayo, na mara nyingi inakuja nyuma sana.

Mtazame Mamdani. Alizaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, wasomi wa huku wanamjua tangu enzi alipofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 4 Novemba 2025 alishinda kwa kura zaidi ya milioni moja. Aliahidi nini? Kodi za nyumba zinazodhibitiwa zisipande, mabasi yawe bure, wazazi wapate msaada wa malezi ya watoto wadogo. Watu wa New York walimchagua kwa sababu maisha yamewashinda bei, wengi wao wakiwa si Waislamu. Meya wa mji ule anasimamia polisi, shule, usafi na makazi. Hata kodi ya mapato hawezi kuipandisha bila bunge la jimbo lililoko Albany, sembuse kuamua silaha zipelekwe nchi gani. Hayo huamuliwa Washington. Na Ikulu ya Washington hawezi kuigombea kabisa, kwa kuwa katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, naye uraia aliupata mwaka 2018.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Humza Yousaf. Baba yake alitoka Pakistan, mama yake alizaliwa Kenya katika familia yenye asili ya Punjab. Machi 2023 Yousaf akawa Waziri Kiongozi wa Scotland. Vita vilipoanza Oktoba mwaka ule, wazazi wa mke wake walikuwa Gaza, wamekwenda kuwaona jamaa, wakakwama huko kwa takriban mwezi mzima. Polisi, hospitali na shule za nchi nzima ziko chini yake, na usiku anangoja simu ya wakwe zake bila kujua kama itaita. Alisema hadharani kwamba mapigano yasitishwe, akawaandikia viongozi wenzake wa vyama. Lakini mambo ya nje ya Scotland yako mikononi mwa London. Sheria ya mwaka 1998 iliyounda bunge la Scotland iliyaacha huko. Hakuwa na la kuamua. Hapo utaona kwamba cheo kikubwa na mamlaka juu ya jambo linalokuchoma moyo vinaweza kukaa nyumba mbili tofauti.

Sadiq Khan naye alitaka mapigano yasitishwe mwishoni mwa Oktoba 2023, kinyume na msimamo wa Keir Starmer, kiongozi wa chama chake cha Labour. Hakuna aliyemnyang'anya umeya, kwa sababu meya wa London anachaguliwa na wakazi wa London moja kwa moja na hapigi kura bungeni. Ndiyo hali yenyewe ilivyokuwa mwaka ule: waliokuwa huru kusema hawakuwa na kura, na waliokuwa na kura hawakuwa huru.

Nyinyi mnaofuatilia Bunge la Dodoma mnaijua kazi ya mnadhimu wa chama. Westminster, yaani bunge la Uingereza, iko vilevile, tena kwa ukali. Tarehe 15 Novemba 2023 chama cha SNP cha Scotland kilileta bungeni hoja ya kutaka mapigano yasitishwe mara moja. Uongozi wa Labour uliwaamuru wabunge wake wasiiunge mkono. Wabunge 56 wa Labour waliasi. Wanane kati yao waliokuwa na nyadhifa katika safu ya mbele ya upinzani waliziacha, miongoni mwao Naz Shah wa Bradford, Yasmin Qureshi wa Bolton na Afzal Khan wa Manchester. Jess Phillips wa Birmingham, ambaye si Mwislamu, aliacha cheo chake pia, maana aliwajua wapiga kura wake. Shabana Mahmood alibaki katika baraza kivuli la mawaziri. Hoja ikaanguka, kura 125 dhidi ya 293.

Mjomba wako, nadhani, alikata tamaa usiku ule. Lakini hadithi haikuishia pale. Februari 2024 Labour yenyewe ilileta bungeni maneno ya kutaka kusitishwa mapigano mara moja kwa sababu za kibinadamu, maneno yaliyowagharimu watu vyeo miezi mitatu tu kabla. Wakati huohuo, mji wa Rochdale ulikuwa kwenye uchaguzi mdogo, na tarehe 29 Februari ukamchagua George Galloway, mzee wa Kiskoti ambaye si Mwislamu wa asili wala hakujifanya kuwa mtoto wa mji, kwa sababu alisema juu ya Gaza kile ambacho wapiga kura wengi Waislamu wa pale walitaka kisemwe. Mimi nausoma uchaguzi ule kama tangazo: wapiga kura hawa hawatafuti mtu wa kabila lao wala wa msikiti wao. Wanatafuta msimamo.

Halafu ikaja 4 Julai 2024, siku Labour iliposhinda nchi nzima kwa viti 411. Mgombea binafsi, yule ambaye sheria ya Tanzania haimruhusu na ambaye Mchungaji Mtikila alimpigania mahakamani miaka mingi, Uingereza anaruhusiwa lakini karibu siku zote anashindwa. Siku hiyo wagombea binafsi wanne Waislamu walishinda kwa mara moja. Leicester Kusini, Shockat Adam alimwangusha Jonathan Ashworth kwa kura 979. Ashworth alikuwa anatarajiwa kuwa waziri. Uchaguzi wa 2019 alikuwa amepita kwa tofauti ya kura zaidi ya 22,000. Blackburn, Adnan Hussain alishinda kwa kura 132. Dewsbury na Batley likaenda kwa Iqbal Mohamed. Na Birmingham Perry Barr, Ayoub Khan alimshinda Khalid Mahmood kwa kura 507.

Usilipite jina la Khalid Mahmood haraka. Alikuwa mbunge Mwislamu wa Labour tangu mwaka 2001. Wapiga kura Waislamu walimwondoa Mwislamu wakamweka Mwislamu mwingine. Jirani yake Shabana Mahmood, aliyekuwa amepita mwaka 2019 kwa tofauti ya kura 28,582, safari hii alipita kwa tofauti ya 3,421. London ya Mashariki, Rushanara Ali wa Labour alishuka kutoka 37,524 hadi 1,689. Ilford, Wes Streeting, leo mmoja wa watu wakubwa wa Labour, aliponea kwa kura 528 mbele ya mgombea kijana mwenye asili ya Palestina, Leanne Mohamad. Kura chache hivyo haziachi mwanasiasa akalala usingizi.

Hiyo ndiyo sababu nasema mjomba wako amekosea. Kilichokuwa pambo ni kile kiti cha uhakika, kiti ambacho chama kilijua kwamba watu wa pale watakipa kura hata kikiwakanyaga. Kwa miaka mingi Labour ilihesabu kura za Waislamu wa Birmingham, Bradford na Leicester kabla hazijapigwa. Siku watu walipoonyesha kwamba wanaweza kuondoka, hesabu ikabadilika.

Sasa nisikupe matumaini ya uongo, maana mipaka ipo na ni migumu.

Mpaka wa kwanza ni wingi. Katika sensa ya 2021 Waislamu walikuwa asilimia 6.5 ya watu wa England na Wales, na wabunge Waislamu waliochaguliwa mwaka 2024 walikuwa 25 hivi kati ya 650. Wanaishi kwa kukusanyika katika miji michache, na mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja unawapa nguvu hapo na kuwanyima kwingine kote. Wale wagombea binafsi wanne waliungana na Jeremy Corbyn wakawa kundi la watano. Serikali iliyoshinda viti 411 haihitaji kura zao hata siku moja. Wanauliza maswali, wanaandika barua, wanasikika. Kupitisha sheria hawawezi.

Waliobaki ndani ya chama wanaweza kupitisha sheria, ila ndani ya chama kuna mnadhimu. Wiki tatu tu baada ya uchaguzi ule, wabunge saba wa Labour walisimamishwa kwa kuasi kura ya posho ya watoto, ile iliyokuwa ikiishia mtoto wa pili. Watatu kati ya saba, Zarah Sultana, Apsana Begum na Imran Hussain, ni Waislamu. Jambo lenyewe lilihusu watoto maskini wa dini zote. Hivyo mtu anachagua: abaki ndani akiwa na uwezo wa kusikilizwa chumbani na kunyamaza ukumbini, au atoke nje aseme atakalo bila uwezo wa kubadili. Sayeeda Warsi, Mwislamu mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Uingereza, alichagua kutoka: Agosti 2014 alijiuzulu kwa sababu ya sera ya serikali yake, iliyoongozwa na Conservative, juu ya Gaza. Kujiuzulu kwake kulisifiwa sana. Sera ikabaki palepale.

Mpaka mwingine ni ule wa kushukiwa. Huu unamgusa hata anayetii chama. Ilhan Omar aliikimbia Somalia akiwa mtoto na kuishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa, kabla ya kufika Marekani. Mwaka 2018 alichaguliwa Minnesota, katika kiti alichokuwa nacho Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuingia Kongresi. Ellison ni Mmarekani mweusi aliyesilimu, na alipoapishwa Januari 2007 aliweka mkono juu ya tafsiri ya Kurani iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson. Hata hilo lilipigiwa kelele. Ilhan aliingia na hijabu yake baada ya Baraza la Wawakilishi kulegeza marufuku ya kofia iliyodumu miaka 181. Kisha Februari 2023 wabunge wa Republican walimwondoa katika Kamati ya Mambo ya Nje, kura 218 kwa 211, kwa maneno aliyoyasema juu ya Israeli. Novemba mwaka huohuo mwenzake Rashida Tlaib, ambaye wazazi wake ni Wapalestina, alikaripiwa rasmi na Baraza kwa kura 234 dhidi ya 188. Wabunge 22 wa chama chake mwenyewe, Democratic, walipiga kura akaripiwe. Mwakilishi pekee mwenye asili ya Palestina katika Baraza lote, na ndiye aliyeambiwa amepindukia alipozungumzia watu wake. Hilo nalihesabu kuwa dhuluma, na sitalipamba.

Mamdani amelionja pia. Mbunge mmoja wa Republican alitaka anyang'anywe uraia. Siku chache kabla ya uchaguzi, mtangazaji wa redio alisema kwamba Mamdani angeshangilia shambulio jingine kama la Septemba 11. Mpinzani wake Andrew Cuomo, gavana wa zamani, alikuwa akihojiwa kwenye kipindi hicho, akacheka.

Wengine wanatoa hukumu kwamba kwa kuwa Democratic iliwatendea hivi, dawa ni kuihama. Dearborn, Michigan, walijaribu. Mji ule una Waarabu wengi kuliko karibu mji wowote wa Marekani. Februari 2024, katika mchujo wa chama, watu zaidi ya 100,000 wa Michigan walimnyima Joe Biden kura kwa kuweka alama kwamba hawajamchagua yeyote. Agosti, mkutano mkuu wa chama huko Chicago ulikataa kumpa Mpalestina hata mmoja nafasi ya kuhutubia jukwaani. Novemba, Donald Trump aliongoza Dearborn kwa asilimia 42 hivi, Kamala Harris akapata 36. Adhabu ilifika, Democratic iliumia. Lakini mshindi hakuwa na deni kwao, na miezi michache baadaye alikuwa anazungumzia Marekani kuichukua Gaza na wakazi wake kuhamishwa. Mtu anayeondoka lazima ajue anaelekea wapi. Leicester waliondoka wakamchagua mtu wao. Dearborn wengi waliondoka wakaingia nyumba ya mwingine.

Uholanzi wamejenga nyumba yao kabisa. Huko viti 150 vya bunge hugawanywa kwa uwiano wa kura za nchi nzima, hivyo hata chama kidogo hupenya. Wabunge wawili wenye asili ya Uturuki walitoka chama cha Labour cha huko mwaka 2014, wakaanzisha DENK. Kilipata viti vitatu mwaka 2017, na uchaguzi baada ya uchaguzi kimebaki na vitatu. Kinasema bila kumwogopa mnadhimu wa chama kikubwa, na hakuna anayekiita kwenye meza ya kuunda serikali. Ufaransa, kwa upande wake, serikali haihesabu raia kwa dini, na tangu 2018 kanuni za Bunge zinamtaka mbunge avae mavazi yasiyoonyesha dini waziwazi. Ilhan Omar wa Ufaransa, na hijabu yake, asingeingia ukumbini.

Canada ina habari njema zaidi, na sisi wa Afrika Mashariki tunaisahau. Rahim Jaffer, anayetajwa kuwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la nchi ile, mwaka 1997, alizaliwa Kampala. Mobina Jaffer, Mwislamu wa kwanza katika Seneti, mwaka 2001, ni mzaliwa wa Kampala pia. Yasmin Ratansi, mwanamke Mwislamu wa kwanza bungeni humo, mwaka 2004, alizaliwa Tanganyika. Naheed Nenshi, meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, wazazi wake walitoka Tanzania. Wengi wao ni Waismailia, watoto wa familia zilizofukuzwa na Idi Amin au kuondoka zenyewe miaka ileile. Na hawakukaa upande mmoja: Rahim Jaffer alikuwa mhafidhina, Ratansi wa Liberal, Nenshi leo anaongoza chama cha NDP huko Alberta.

Hapo kuna jambo ambalo baraza lenu halitapenda. Mnaposema Waislamu wamepata wawakilishi, mnatarajia watu hao wawe na kauli moja. Hawana, wala hawakuomba kura kwa ahadi hiyo. Shabana Mahmood alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani Septemba 2025, haukupita muda akatangaza mpango wa kubana hifadhi ya wakimbizi: hadhi iwe ya muda, ipitiwe upya kila miaka miwili na nusu, na wengine wangoje miaka 20 kabla ya ukaazi wa kudumu. Kwa Msomali au Mkongo anayeomba hifadhi Birmingham, Uislamu wa waziri haumpunguzii hata siku moja. Mimi naupinga mpango ule. Lakini naupinga kama sera, na nadhani ni makosa kumwambia waziri kwamba amesaliti dini. Ukikubali dini iwe kipimo cha uwaziri, umewapa silaha wale wanaosema Mwislamu hafai kuwa waziri kwa sababu ya dini yake.

Kuhusu dini na kampeni, kuna tahadhari ya kisheria pia. Mwaka 2015 mahakama ya uchaguzi ilimwondoa Lutfur Rahman, meya wa Tower Hamlets, London ya Mashariki. Miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kutumia shinikizo la kidini: maimamu 101 walikuwa wametia saini barua ya kuwataka Waislamu wamchague. Alizuiwa kugombea miaka mitano, na mwaka 2022 wakazi wakamrudisha kwa kura zao. Hivyo imamu anaweza kuwahimiza watu wakapige kura. Akivuka kuwaambia kwamba kumchagua fulani ni wajibu wa dini, anaweza kumgharimu mgombea wake kiti.

Sasa turudi kwa mjomba. Mwambie hivi. Mbunge, awe Mwislamu au asiwe, humsikiliza zaidi yule anayeweza kumwondoa. Leicester Kusini lilibadilika kwa kura 979, na mtu akikaa nyumbani haendi kwenye hesabu ya yeyote. Asiangalie jina la mgombea. Aangalie alipiga kura gani bungeni, na orodha hizo ziko wazi kwa kila mtu kusoma. Asidharau uchaguzi wa halmashauri pia, maana nyumba, shule na barabara za mtaa wake zinaamuliwa karibu hapo kuliko Westminster.

Na kuna jambo ambalo ndugu zetu wengi walioko Uingereza hawaambiwi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, yaani Mtanzania, Mkenya au Mganda, akiwa anaishi huko kihalali, anaruhusiwa kupiga kura hata ya ubunge bila kuwa na pasipoti ya Uingereza. Nimekutana na watu waliokaa huko miaka mingi wakidhani kura si yao. Mjomba ajiandikishe kwenye daftari la halmashauri anakoishi, na siku ya kura abebe kitambulisho chenye picha kilichoorodheshwa, kwa kuwa tangu 2023 bila hicho anarudishwa mlangoni. Kama hana kinachokubalika, halmashauri itampa cheti cha kupigia kura bure, mradi aombe mapema. Muulize pia kuhusu vijana wa nyumbani kwake waliotimiza miaka 18. Mara nyingi wao ndio hawamo kwenye daftari.